Pixel 4a ya mtumba kwa kazi ya nyanjani, ama niongeze pesa?

nyanjani_bgm

Wadau habari zenu. Naomba ushauri wa simu na tafadhali msinitume kwa zile za inchi 6.7, ndiko ninakotoka. Kazi yangu ni ya nyanjani huku Bungoma na Lugari, natembelea wakulima wa mahindi, mchana kutwa niko kwa boda ama kwa tope, mkono mmoja umeshika jani lenye viwavi na ule mwingine ndio unatakiwa upige picha, ujaze fomu ya Kobo (ile apu ya kukusanya data) na upokee simu ya bosi. Sasa hii niliyo nayo kidole gumba hakifiki juu ya kioo, na kwa mfuko wa shati inakaa nusu nje, ukiinama tu kuvuta gumbuti inachomoka kama kambare.

Nimeona Pixel 4a kwa duka moja Kisumu, ex-UK, jamaa anataka elfu 16, nikimbembeleza sana 15. Inchi 5.8, ram 6, storeji 128, betri 3140. Bajeti yangu ni 20 hivi, nikisukumwa 27 lakini hapo nitakuwa nimekula pesa ya chama. Hiyo betri itanifikisha jioni kweli? Alafu kamera ni moja tu nyuma megapikseli 12, si ni kidogo na siku hizi hata simu ya elfu 13 iko na 50? Na kitu ingine, natumia laini mbili, Safaricom ya M-Pesa na Airtel ya bando, muuzaji anasema iko na laini mbili lakini tundu naona moja tu.

mzee_wa_waranti

Chukua simu mpya dukani yenye betri 5000 na waranti ya mwaka, mtumba ni kamari. Mikono utazoea.

fundi_kondele

Mzee hapo juu hajakosea sana lakini jamaa amesema hataki sahani mfukoni, tumjibu alichouliza.

Ndugu wa nyanjani, kabla hujatoa hata shilingi kwa hiyo 4a tuongee betri. Hiyo simu ilitoka 2020, kwa hivyo betri kama haijabadilishwa imezeeka, hiyo ni moja. Ya pili ndio kubwa, Januari 2025 Google walituma apdeti ya lazima kwa Pixel 4a na kwa baadhi ya hizo simu, si zote, ikapunguza uwezo wa betri na namna inavyochaji, maelezo yao yakawa ni ya kufanya betri itulie. Walitoa fidia, kuna waliopewa pesa na kuna waliobadilishiwa betri bure, lakini ni kwa nchi wanazouza hizo simu na Kenya hawauzi rasmi, zetu zote zinaingia kwa mifuko ya watu. Ukiziweka mbili mezani, moja iliyoguswa na moja haikuguswa, kwa macho huwezi kuzitofautisha, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui.

Mimi mtu akiniletea nimwangalilie nafanya hivi: simu ije ikiwa na chaji kidogo, chini ya asilimia 30, naweka apu ya AccuBattery, naichomeka kwa chaja ya kueleweka (ya 18W, usikubali ile ya redio) naiacha ipande mpaka iko karibu kujaa huku nikiendelea na kazi zangu. Apu itakukadiria betri inameza mAh ngapi. Ikikuambia 2600, 2700, hiyo ni ya umri wake, chukua ukitaka. Ikikuambia 1500, mrudishie mwenyewe na umwambie asante. Muuzaji akikataa ukae na simu saa moja ikichaji, jibu umeshapata.

Na usidhani ati nitakuwekea betri mpya na mambo yaishe. Betri za kuagiza nyingi zimelala stoo miaka, inakuja imeandikwa 3140 na ndani imeshachoka. Kama ni mtu wa kukaa ofisini ningekuambia enda tu, lakini wewe wa GPS na data siku nzima, saa tisa utakuwa unatafuta soketi kwa kinyozi. Lazima pawabenki.

Alafu 4a haina kinga ya maji. Hakuna IP yoyote. Mvua za huku za saa kumi mnazijua.

picha_nakuru

Hiyo ya megapikseli wacha niijibu mimi juu hapa Nakuru napiga picha za harusi na za watu wa nyumba za kukodisha, na 4a nimekaa nayo sana kama simu ya pembeni.

Zile 50 za simu ya elfu 13 hazifanyi kazi kama 50. Kwa kawaida simu inaunganisha pikseli nne nne inatoa picha ya 12 na nusu hivi, kwa hivyo mnarudi palepale. Tofauti ni kile kioo cha lenzi na programu iliyo nyuma yake. 4a iko na f/1.7 na ile mashine ya kutuliza mkono ukitetemeka, na ukibonyeza haipigi picha moja, inachukua kadhaa haraka haraka inazichanganya, ndio maana mtu mweusi amesimama mbele ya dirisha anatoka na uso wake na dirisha halijawa jeupe tupu. Ndani ya shamba la mahindi yaliyofunga, kivuli hapa jua pale, hiyo ndio utaihitaji kila siku. Zile lenzi tatu nne za simu za bei ya chini, ile ya makro ya megapikseli 2 ni pambo. Picha ya kiwavi ukitaka itoke, rudi nyuma kidogo, uguse kioo pale penye mdudu, piga, kisha ukate. Ukiisogeza karibu sana inakataa kufokasi na unapata jani la ukungu.

Kile haina ni lenzi pana. Ukitaka shamba lote kwa picha moja itabidi utembee nyuma mpaka kwa ua wa jirani.

Kitu ingine watu hawasemi, alama ya kidole iko mgongoni, kidole cha shahada kinaifikia bila kuitafuta, inafunguka ukiitoa mfukoni. Na tundu la earfoni liko. Mimi bado sijasamehe waliolitoa kwa simu zingine.

mama_wawili_kk

Kaka umeuliza laini mbili na hakuna aliyekujibu. Pixel 4a ni laini moja ya kadi na nyingine ya eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu bila kadi, muuzaji hajakudanganya ila hajakuambia yote. Safaricom na Airtel wote wanatoa eSIM, unaenda duka lao na kitambulisho, unaskani ile QR imeisha.

Lakini sikiza dada yako. Laini ya M-Pesa iache kwa kadi, Airtel ndio uweke eSIM. Juu siku simu imeanguka kwa mtaro ama kioo kimekufa uko huko Lugari ndani ndani, kadi unaitoa unachomeka kwa kabambe, simu ya vitufe, ya mwenye boda unapiga *334# unalipa nauli unaenda nyumbani. eSIM huwezi kuchomoa, itabidi uende tena kwa duka lao wakutolee ingine, na kwa nani uombe nauli ya kufika huko? Mimi niliona mwenzangu hapa Kakamega akihangaika na hiyo kitu siku ya soko, pesa iko kwa laini na hawezi kuigusa.

Pia ujaribu laini zako palepale dukani. Kuna zingine zimetoka Marekani zimefungwa kwa mtandao wa huko. Na uhakikishe imefutwa akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza, waiwashe upya ukiangalia.

s10e_milele

Mko hapa mnapigia debe 4a na apdeti zake za usalama zilipangwa ziishe Agosti 2023! Android 13 ndio ya mwisho rasmi. WhatsApp itafanya kazi, Kobo itafanya, sikatai, lakini apu za benki zitaanza kukusumbua siku moja. Kama ni kununua simu iliyoisha apdeti basi nunua Samsung S10e, hiyo nayo imekwama Android 12 lakini angalau unapata kitu. Inchi 5.8 hivyo hivyo, gramu 150, IP68 ya maji, lenzi pana iko, tundu la earfoni liko, memori kadi iko, alama ya kidole iko ubavuni. Ilikuwa simu ya watu wakubwa 2019, kioo chake juani unasoma. Tafuta ile modeli ya G970F/DS, laini mbili za kadi kabisa, ila ukiweka mbili memori kadi inakosa nafasi. G970U ya Marekani iepuke, ni laini moja.

nyanjani_bgm

Asanteni sana, hiyo ya kabambe imeniingia kabisa. @s10e_milele betri yake je? Na kuna mtu amenitumia meseji kando ananiambia nipande mpaka Pixel 6a, 26 hivi.

s10e_milele

3100. Usiniulize zaidi 😂

fundi_kondele

Ukweli ni huo, simu ndogo betri ndogo. 6a iko na 4410, IP67, apdeti za usalama mpaka Julai 2027, kwa karatasi ndio bora ya hizo zote. Lakini ni inchi 6.1, gramu 178, hiyo si ndogo tena, na nayo Julai 2025 ilipata apdeti yake ya betri, ikifika mizunguko 400 ya chaji inapunguziwa uwezo kwa sababu zingine zilikuwa zinapata moto kupita kiasi. Mtumba wa miaka mitatu wengi wameshavuka 400. Pixel 8a ndio imetulia, imeahidiwa miaka 7 ya apdeti toka 2024, lakini hapo chama chote kinaisha.

Kwa kazi yako mimi ningeenda S10e ya laini mbili, kwa sababu ya mvua tu. 4a ichukue kama imepita mtihani wa chaji na ameshuka mpaka 13.

nyanjani_bgm

Sawa fundi. Wacha nitafute S10e hapo mjini Jumamosi, na nikiipata na betri imechoka nikuletee Kondele ubadilishe siku hiyo hiyo?

fundi_kondele

Leta asubuhi. Mgongo wake ni kioo na umebandikwa na gundi, unataka moto polepole, mimi hiyo kazi sifanyi mtu akiwa amesimama hapo ananiambia matatu ya Bungoma inajaa. Na ujue nikishaifungua ile IP68 usiitegemee tena, gundi nitaweka mpya lakini kwa mvua uitie kwa karatasi ya nailoni kama sisi wengine.