Nataka kuona sumo laivu Tokyo mwezi wa tano, nianzie wapi?

KijanaWaKurasini
Wakuu salaam. Mwezi wa tano nitakuwa Yokohama kwa mambo ya magari, na nasikia kipindi hicho kuna mashindano makubwa ya sumo, ile mieleka ya Kijapani, pale Tokyo. Nilianza na klipu tu kwenye simu, sasa hivi nimekolea hadi mke wangu ananicheka, anasema kila usiku naangalia wanaume wenye nepi. Nataka nikaone kwa macho yangu. Tiketi anapataje mtu asiyejua Kijapani hata salamu? Nikae upande gani? Halafu nimesikia watu wanashinda humo ndani kutwa nzima, sasa kama pambano lenyewe sekunde tano limeisha huo muda mwingine wanafanya nini? Bei nayo msinifiche jamani.

DadaWaSaitama
Karibu kaka. Tuanze na tiketi maana ukichelewa hapo mengine yote hayana maana. Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka: mwezi wa kwanza, wa tano na wa tisa yanafanyika Tokyo, wa tatu Osaka, wa saba Nagoya, wa kumi na moja Fukuoka. Kila moja siku 15, yanaanza Jumapili yanaisha Jumapili. Tiketi zinafunguliwa kama mwezi mmoja kabla, mtandaoni, na tovuti ya chama cha sumo ina ukurasa wa Kiingereza kwa hiyo lugha isikutishe. Siku hizi zinaisha haraka mno, wikiendi ndo usiseme, wewe ikifika siku ya kufungua kaa na simu na kadi ya benki mkononi. Jaribu Jumanne au Jumatano. Kampuni za utalii nazo zinauza, ila bei inapanda sana.

Kukaa sasa. Wale unaowaona kwenye klipu wako chini kabisa kando ya ulingo wanakaa kwenye mito, pale hakuna kula, hakuna kupiga picha, watoto hawaruhusiwi, na jitu la kilo 150 likirushwa nje linakuangukia wewe. Nyuma yao kuna vijisanduku vya watu wanne, mnavua viatu mnakaa chini kwenye mito. Kwa karatasi watu wanne, kwa miili yetu wawili, watatu mkibanana! Na kinauzwa kizima kizima. Mtu uliye peke yako chukua kiti cha ghorofa ya pili, vile vya nyuma huwa havifiki yen 5,000 na ulingo unauona wote. Ukumbi unaitwa Kokugikan, uko Ryogoku, ni wa tangu 1985, unaingiza watu kama 11,000, lakini hata ukikaa juu kabisa unasikia vifua vinavyogongana.

Kutoka Yokohama panda treni ya Keihin-Tohoku hadi Akihabara, badili uchukue Sobu, vituo viwili umefika. Ukishuka utaona bendera za rangi zenye majina ya wapiganaji.

Bwana_Kahawa
Naongezea hapo kwa dada. Usiende asubuhi, utasinzia. Ratiba ya huko Tokyo, nahesabu saa kwa Kiswahili, iko hivi: milango inafunguliwa kama saa mbili na nusu asubuhi, wanaanza madogo wa madaraja ya chini, ukumbi mtupu. Daraja la pili linaanza kwenye saa nane na robo mchana. Wakubwa wanaingia ulingoni na aproni zao za nakshi kwenye saa kumi kasoro, halafu kila bingwa mkuu, yokozuna, anaingia peke yake na kamba nyeupe nene kiunoni. Saa kumi na mbili jioni kila kitu kimekwisha. Fika saa saba na nusu, inatosha kabisa.

DadaWaSaitama
Hapo sikubaliani na wewe kaka. Asubuhi ndo utamu wenyewe! Kwenye sumo kuna mamia ya wapiganaji lakini wenye mshahara ni 70 tu, 42 daraja la juu na 28 la pili. Wengine wote wanapikia wakubwa, wanafagia, wanakula mwishoni. Ukiwahi utawaona hao madogo wanatoka stesheni kwa miguu, kanzu nyepesi ya kiangazi na ndala, nywele zimepakwa yale mafuta yao yanayonukia vizuri hadi mtu ameshapita na harufu bado ipo. Humo ndani mtoto wa miaka 16 anapambana na jibaba la miaka 35, uzito hauangaliwi kabisa, kilo 90 kwa kilo 180 ni halali. Basi aende hata saa tano.

MtotoWaMchambawima
Haha mmemchanganya mwenzenu. Mkuu, kuhusu swali lako la "muda mwingine wanafanya nini", hapo ndipo klipu zinakudanganya maana wanakata. Daraja la juu wana dakika nne za kujiandaa. Wanarusha chumvi, wanachuchumaa, wanakaziana macho, wanainuka wanarudi pembeni, taulo, chumvi tena. Kila wakirudi kelele zinapanda kidogo. Halafu unaona mmoja kalichapa paja lake kofi, ukumbi wote unanguruma kwa sababu watu wameshajua sasa ndo yenyewe. Ukiangalia kwenye simu hii yote hupati. Na zile bendera zinazozungushwa ulingoni kabla ni matangazo ya wadhamini, kila bendera ni bahasha ya hela kwa mshindi, kwa hiyo ukiona bendera nyingi weka simu chini uangalie.

Siku za mwishoni ni nzuri kwa kitu kimoja. Huko juu kila mtu ana mapambano 15, ukishinda 8 kwa kawaida unapanda nafasi, ukiishia 7 unashuka. Sasa mtu anafika siku ya mwisho ana 7 kwa 7... hapo ni kupigania kutoshuka nafasi, roho mkononi. Refa akikosea kuna majaji watano wamevaa nyeusi, wanapanda ulingoni kujadiliana, na marudio ya video walianza kuyatumia 1969. Sisi huku VAR juzi tu hapa na bado tunagombana. Refa mkuu anabeba na kisu kiunoni, maana yake ya zamani akitoa uamuzi mbovu ajimalize mwenyewe. Marefa wa kwetu wangebaki wangapi?

KijanaWaKurasini
Nimecheka mpaka basi 😂 Asanteni sana. Nitakwenda saa tano, nisikosane na upande wowote. Swali la mwisho, mimi Muislamu, chakula humo ndani vipi?

Bwana_Kahawa
Humo ndani kinachosifiwa ni mishikaki ya kuku, inatengenezwa hukohuko chini ya ukumbi, na ule mchuzi mzito wa wapiganaji, chanko. Kuku siyo wa kuchinjwa kidini na mchuzi unaweza kuwa na nguruwe, kwa hiyo kula ushibe kabla. Chakula cha kutoka nje rasmi hawaruhusu, na ukitaka kutoka katikati uliza kwanza mlangoni utaratibu wa kurudi.

MtotoWaMchambawima
Halafu mkuu huna haja ya kujiona mgeni sana pale. Kulikuwa na Mmisri, jina la ulingoni Osunaarashi, Mwafrika wa kwanza kuwa mpiganaji wa sumo wa kulipwa, alifika daraja la juu 2013. Mashindano ya mwezi wa saba 2014 yaliangukia Ramadhani, jamaa alikuwa anafunga, na akawaangusha yokozuna wawili siku mbili mfululizo, Kakuryu kesho yake Harumafuji. Mtu mwenye saumu! Tafuta hizo klipu kabla hujaondoka.

DadaWaSaitama
Ile siku naikumbuka, nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Kaka ukishapata tarehe ya safari niandikie inbox, siku tiketi zikifunguliwa nitajaribu na mimi kutoka upande huu, tukipata mbili naja na mwanangu tukukute hapo stesheni.

KijanaWaKurasini
Dada umemaliza kila kitu. Nakuja inbox sasa hivi.