Makabila kumi ya Israeli yalikwenda wapi?

Chumvi ya Mawe: Wakuu, jana tumetoka kwenye ibada tukiwa tumenuniana kwa sababu ya 2 Wafalme 17. Mwashuri kaiteka Samaria mwaka 722 KK, watu kawapeleka Hala, Habori mto wa Gozani na miji ya Wamedi. Kisha kimya. Msimamo wangu: wapo Afrika. Wafalasha, yaani Wayahudi wa Ethiopia, ni kabila la Dani, na Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini wanatahiri na hawagusi nguruwe. Mnataka nini tena, cheti cha kuzaliwa?

Fundi Saa: Mleta mada, punguza mwendo. Sargoni mwenyewe, mfalme wa Ashuru, ambaye hakuwa mtu wa kujipunguzia sifa, aliandika kwamba alichukua watu 27,290. Hao hawajazi hata nusu ya Uwanja wa Mkapa. Wengi walibaki, wengine wakakimbilia Yuda. Soma 2 Nyakati 30 uone watu wa Asheri na Manase wanapanda Yerusalemu kwa Pasaka ya Hezekia. Na kwenye Luka 2 yupo nabii Ana, bibi wa watu mjane, kabila la Asheri. Kama kabila lilipotea, yeye kalijuaje? Halafu hilo la nguruwe: bibi yangu wa Pangani hajaonja kitimoto tangu azaliwe. Tumkatie tiketi ya Tel Aviv?

Mama Wawili: Kitimoto kimeingiaje kwenye Neno? Sisi Wasabato hatuli kwa sababu ya Walawi 11, hatutafuti kabila. Usitufananishe na bibi yako.

Fundi Saa: Bibi yangu kakukosea nini?

Kijana wa Mbagala: Wanaosema hawali ndio haohao jioni wanaagiza mbuzi katoliki. Nawaona.

Mama Wawili: Taja uliyemwona au nyamaza. Mtoto huna adabu.

Layoni wa Monduli: Mkimaliza nyama nisikilizeni. Mwaka 1904 afisa wa Kijerumani, Merker, alichapisha kitabu akidai sisi Wamasai ni ndugu wa Waebrania, kisa hadithi za gharika alizosema kasimuliwa na wazee. Babu zetu wakageuzwa Wasemiti bila kuulizwa. Mgeni akikuta Mwafrika ana mpangilio wake, lazima amtafutie baba wa mbali. Leo mnamfanyia kazi hiyo wenyewe, tena bure.

Chumvi ya Mawe: Ndugu Layoni, mimi Mjerumani? Haya, na DNA je? Walemba wa ukoo wa Buba wamekutwa na alama ileile ya makuhani wa Kiyahudi.

Fundi Saa: Makuhani ni uzao wa Haruni, kabila la Lawi. Hao walikuwa hekaluni Yerusalemu, nani kasema walipotea? Umetumwa kutafuta ng'ombe aliyeibwa, umerudi na mbuzi wa jirani.

Nahodha: Mbuzi katoliki au wa kawaida?

Chumvi ya Mawe: Chekeni tu. Rabi Ovadia Yosef alitamka mwaka 1973 kwamba Wafalasha ni Dani. Mwaka 1991 zaidi ya 14,000 wakabebwa kwa ndege hadi Israeli kwa muda wa saa 36 hivi. Wewe fundi wa saa ni nani umpinge?

Layoni wa Monduli: Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, hawakuhitaji kupotea. Kakungulu, mwanzilishi wao, alisoma Agano la Kale, akaamua, 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Hakuuliza kabila.

Mama Wawili: Bado nasubiri jina la huyo aliyeagiza.

Kijana wa Mbagala: Mama, yaishe. Nilikuwa naongea tu.

Nahodha: Fundi, utani pembeni. Bibi yako kabila gani?

Fundi Saa: Mzigua kwa baba. Kwa mama wanasema ni Washirazi.

Nahodha: Shirazi ile ya Uajemi?

Fundi Saa: Ndivyo wanavyosema.

Chumvi ya Mawe: Subirini kwanza. Miji ya Wamedi ilikuwa wapi vile?

Fundi Saa: Mwacheni bibi yangu.