Homa siku ya nne, malaria hakuna: kipimo cha haraka cha homa ya mgunda kinaaminika?

Mchinjaji wa Kasese
Habari zenu ndugu. Nachinja ng'ombe hapa Kasese, mwaka wa kumi na moja sasa. Mdogo wangu ndiye huosha matumbo na kutoa figo. Wiki mbili zilizopita kibofu cha ng'ombe kilimpasukia mikononi, mkojo ukamrukia usoni, na vidole vyake vilikuwa na michubuko ya kisu. Glavu hakuwa nazo. Alinawa kwa maji matupu akaendelea na kazi.

Siku ya tisa homa ikamshika. Kichwa kinagonga, macho mekundu lakini hayana tongo, na vigimbi vinamuuma hata shuka likimgusa analalamika. Kituo cha afya walimtoboa kidole, malaria hakuna, lakini wakampa dawa ya malaria. Leo ni siku ya nne ya homa. Maabara moja ya mjini imempima leptospira, yule mdudu wa homa ya mgunda, kwa kile kipimo cha haraka, ukatokea mstari mmoja, wakasema hana. Moyo wangu haukubali. Nikiamini?

Mama Maabara
Pole kaka. Nimekaa maabara miaka mingi, na swali hili ndilo wagonjwa hawaulizi. Kipimo hicho hakitafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kingamwili za IgM ambazo mwili unatengeneza kupambana naye. Mara nyingi hazionekani mpaka siku ya tano au ya saba tangu homa ianze. Kwa hiyo mstari mmoja siku ya nne usikupe amani, mmepima mapema tu. Rudieni siku ya nane au ya tisa.

Wiki ya kwanza mdudu yumo kwenye damu, na kinachomshika ni PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya mdudu mwenyewe, lakini hiyo ni ya maabara kubwa. Kile kipimo kinachohesabiwa mama wa vyote, MAT, kinataka damu mara mbili, ya pili baada ya kama wiki mbili, waone kingamwili zimepanda mara nne au zaidi. Ni kizuri kwa kuthibitisha, ila mgonjwa hawezi kukingoja.

Jambo jingine: kwa watu wa machinjio hata mistari miwili inahitaji kufikiriwa, maana IgM hukaa mwilini miezi kadhaa. Inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani.

Mfugaji wa Bwera
Huu si ndio ule uliotokea Lindi, Tanzania, mwaka 2022? Watu 20 waliugua, watatu wakafa, na mwanzoni hakuna aliyejua ni nini. Ndipo jina la homa ya mgunda likasikika kila mahali.

Tabibu wa Arua
Ndio huo huo. Mchinjaji, usingoje mistari. Mtu wa machinjioni mwenye homa, macho mekundu na vigimbi vinavyouma anatibiwa kwa dalili na kazi yake. Kwa mtu mzima ambaye hali si mbaya, daktari huandika doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku saba. Akianza kuwa na macho ya manjano, mkojo ukipungua au akikohoa damu, ni kulazwa siku hiyo hiyo na kupewa penisilini au seftriaksoni ya mshipa.

Kinachoniumiza ni mazoea yetu ya kuita kila homa malaria. Huko Moshi walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli, 14.

Mchinjaji wa Kasese
Asanteni sana. Jana jioni tulipanda boda tukaenda hospitali. Nilimweleza daktari habari ya kibofu kabla hajauliza. Ameanzishiwa doksisaiklini, wamechukua damu ya kuangalia figo na ini. Usiku amelala, mara ya kwanza tangu Jumapili. Glavu nimenunua, vijana wote wamevaa leo asubuhi, na anayetoa figo nimemwongezea miwani.

Mama Maabara, ile damu ya jana inaweza kuwekwa kwa ajili ya hiyo MAT?

Mama Maabara
Inaweza, na ndiyo damu yenu ya kwanza. Rudi leo, mwombe wa maabara atenge seramu, yaani yale maji ya damu yenye kingamwili, aigandishe, aandike tarehe na siku ya homa. Kesho huenda wameshaimwaga.