Lori likinasa katikati ya reli: dereva apambane nalo au aliache?

MCHOKOZI WA HOJA
Wakuu, kuna hoja inazunguka huku kwamba dereva akinasa na lori katikati ya reli halafu akashuka akakimbia, ahesabiwe mhalifu, leseni ichukuliwe na hasara ya treni alipe yeye. Wengine wanasema aliyeshuka kafanya sawa, mwenye kosa ni yule anayebaki anakanyaga mafuta mpaka treni inamfikia. Mi msimamo wangu, anayekimbia bila kupiga simu popote ashitakiwe, anayeshuka na kupiga simu asiguswe. Karibuni, ila matusi hapana.

GIA NANE
Ashitakiwe kwa lipi? Mnaongea kama mmeshawahi kukaa mle ndani. Trela la chini, lobedi, lina mzigo, linapanda tuta la reli, kichwa kimeshavuka, katikati limelalia tumbo, tairi zinazovuta zinazunguka tu hazishiki kitu. Hapo unakumbuka kifungu cha sheria? Unamshusha utingo, unashuka, mnapotea, lori lina bima. Na hawa madereva wa treni nao wafunge breki basi, mtu hana hata usukani, kazi yake kukaa na kupiga honi, anashindwa nini kuona kitu kikubwa hivyo kimelala mbele yake mchana kweupe.

KABINI YA MBELE
Nilikuwa nasoma kimya kimya mpaka hapo kwenye usukani. Bwana Gia Nane, usukani sina kwa sababu reli ndo inanipeleka, na hilo ndo balaa lenyewe, siwezi kukukwepa. Nina breki na honi basi. Na breki yenyewe siyo ya kukanyaga ikashika palepale, ni upepo unaachiwa kwenye bomba linalopita behewa hadi behewa, la mwisho linapata habari baada ya la kwanza. Treni ndefu ya mizigo ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa hivi inataka kilomita moja na nusu na zaidi ndo isimame. Tunamwaga na mchanga relini magurudumu yashike, na bado haitoshi. Ukiniona nimekaa, ujue nimekaa kwa sababu cha kufanya kimeisha, nasubiri kukugonga huku nakutazama.

GIA NANE
Insha ndefu lakini umekiri mwenyewe, breki na honi 😂

BINTI MCHESHI
😂😂 jamani honi nayo ina ufundi wake, msimdharau kaka yetu

KABINI YA MBELE
Chekeni. Kuna kanyagio au kitufe kinachoniuliza kila baada ya muda mfupi kama niko macho, nisipojibu treni inajifunga breki yenyewe. Lori lako linakuuliza? Au wewe unaendesha huku unachati?

GIA NANE
Mi sichati nikiendesha, usinijue vibaya. Na kama unahitaji kitufe kikuamshe maana yake usingizi upo, umesema mwenyewe.

MCHOKOZI WA HOJA
Mada ni lori kukwama wakuu, siyo usingizi wa nani.

DADA HESABU
Tuweke namba. Kwa kanuni za Marekani taa za kivuko, yaani pale barabara inapokatiza reli, zinatakiwa ziwe zimewaka angalau sekunde 20 kabla treni haijafika. Mwendo wa 90 kwa saa ni mita 25 kila sekunde, zidisha mara 20, mita 500. Yaani taa zinaanza kuwaka treni iko nusu kilomita na inahitaji zaidi ya mara tatu ya hapo kusimama. Kwa hiyo "wafunge breki" ni maneno ya kijiweni, watafunga na watakugonga vilevile. Ila na wewe uliyenasa ukingoja taa ziwake ndo uanze kushuka, umeshachelewa kuanza kufikiri.

UTINGO MSTAAFU
Mi kilichoniudhi ni hapo "unamshusha utingo", kama mzigo vile. Utingo ndo wa kwanza kushuka! Gari likigoma sisi ndo tulikuwa tunachomoka na kitambaa chekundu tunaifuata treni kwa mbele, dereva huku anahangaika na gia, yeye anasifiwa sisi hatutajwi. Vijana wa siku hizi hata hicho kitambaa hawabebi.

KABINI YA MBELE
Mzee wangu shikamoo, kitambaa kina heshima yake, lakini utakimbia kilomita moja na nusu kwa dakika ngapi? Simu kwanza. Marekani kila kivuko kina kibao cha bluu, kina namba ya simu ya dharura na namba ya kivuko chenyewe. Unapiga unasema namba ile, anayeongoza treni kutoka ofisini anajua uko wapi bila wewe kueleza kuna mti gani na duka gani, anasimamisha treni mbali huko hata kabla haijakuona. Ukishapiga, au kama tayari unaiona inakuja, unaondoka relini kwa mshazari, unaelekea upande treni INAKOTOKA.

MPITA NJIA TU
Subiri. Nikimbie KUELEKEA treni? Huyu anataka kuua watu humu.

KABINI YA MBELE
Soma vizuri bwana. Kwa mshazari, unajitenga na reli huku unaenda inakotokea. Treni ikigonga lori mabati, mzigo na mafuta vinarushwa kule treni inakoelekea. Ukikimbia upande huohuo inaoenda, lori lako mwenyewe ndo litakufuata.

MPITA NJIA TU
Mi nitakimbia ninakoona mwanga, mshazari kapimeni nyie.

MZEE KUMBUKUMBU
Mnabishania vibao wakati hili lilishamaliza watu zamani. Uingereza, 1967, sehemu inaitwa Hixon, lori limebeba transfoma kubwa likagongwa na treni ya abiria kwenye kivuko cha mageti ya kujiendesha.

DADA HESABU
1968 mzee, tarehe 6 Januari. Transfoma ya tani 120, treni imetoka Manchester inaenda London, wakafa 11. Na msichosema ni kwamba lile lori HALIKUKWAMA. Lilikuwa linatembea, polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, na polisi wanalisindikiza mbele. Mageti yalikuwa yanatoa sekunde 24 tu kuanzia treni inapoyaamsha mpaka inafika. Simu ilikuwepo pale kivukoni ya kuuliza kwanza kama njia iko wazi. Hawakuipiga.

GIA NANE
Umeona? Polisi wapo, msafara upo, simu haikupigwa. Halafu mi niko peke yangu saa nane usiku ndo mnanitaka nisome kibao cha bluu kwa tochi.

MAMA WA GEREJI
Nyie wote mnaanzia katikati. Lori halijitupi kwenye reli, linapelekwa. Trela la tumbo chini na matairi yako mbali mbali, unajua kuna tuta mbele, unaenda kufanya nini pale? Unakuta mtu kasahau miguu ya trela, ile inayolisimamisha likiwa halina kichwa, haikupandishwa yote mpaka juu, inakwaruza, inanasa kwenye reli. Mwingine anabadilisha gia akiwa juu ya mataruma, inagoma kuingia, gari linazima. Mwingine anamfuata mwenzie foleni haisogei, kichwa kimevuka mkia umebaki. Alafu anaita bahati mbaya! Na wale wa "chomoa trela uokoe kichwa", bomba za upepo ukishazitoa breki za trela zinajifunga zenyewe, sasa hata katapila lije halilivuti kirahisi. Mmebakiza ukuta kwenye reli.

GIA NANE
Mama heshima yako, ila njia anachora bosi. Ukisema kule kuna tuta sipiti unaambiwa wenzako wanapita. Ukiliacha lori unaulizwa kwa nini hukujaribu. Watu wanafia mle ndani siyo kwa ujinga, wanaogopa kuulizwa.

BINTI MCHESHI
Hapo kwa bosi umesema. Bosi mwenyewe hajawahi hata kuona hiyo reli.

FUNDI SAKETI
Kuna kitu hamjakigusa. Watu wanadhani lori likikaa relini mitambo inajua. Sehemu nyingi haijui! Kuna umeme mdogo unapita relini, magurudumu ya treni ni chuma yanaunganisha reli mbili, ndo taa zinawaka. Lori lina tairi za mpira, mtambo unaona reli tupu. Wafanyakazi wa reli Uingereza wana waya wenye vibanio wa kuunganisha reli zote mbili, ishara inageuka nyekundu kwa treni inayokuja. Kwa nini kila lori lisibebe huo waya?

KABINI YA MBELE
Ili dereva badala ya kukimbia ainame katikati ya reli anafunga waya? Na sehemu zinazotumia mtambo wa kuhesabu ekseli za treni zikipita, badala ya huo umeme wa relini, waya wako haufanyi kitu chochote. Atauamini, afe nao mkononi.

FUNDI SAKETI
Nimesema abebe, sijasema aanze nao. Wewe ukishaguswa usukani unagombana na kila mtu.

MPITA NJIA TU
Dawa ni kufunga hivi vivuko vyote, reli ipite juu barabara chini. Marekani 2022 si lori lilikwama pale Mendon, Missouri, likaangusha treni ya abiria, wakafa wanne?

MAMA WA GEREJI
Lile halikukwama, lilikuwa linavuka. Kivuko hakikuwa na geti wala taa, mpando mkali, na wanne ni pamoja na dereva wa lori. Baadaye wakakifunga kabisa. Iliyokwama ni ile basi ya Biloxi, Mississippi, Machi 2017, ililalia tumbo kwenye tuta, abiria wanaanza kushuka treni ya mizigo hii hapa. Wanne pia walikufa. Na kibao cha kuonya tuta kilikuwepo.

MCHOKOZI WA HOJA
Kwa hiyo kwenye swali langu, aliyeshuka bila kupiga simu ashitakiwe au?

GIA NANE
Ashitakiwe aliyechonga tuta. Barabara inatengenezwa upya, reli inainuliwa kila wakiongeza kokoto, nundu inakua, hakuna anayekuja kupima kama trela linapita. Mi nikinasa ndo naitwa mzembe.

KABINI YA MBELE
Hapo kwenye kokoto siwezi kukubishia, tuta linakua kweli. Lakini kibao kinasomwa ukiwa unaingia, siyo ukishanasa. Na simu unayo, hapa unaandika kwa kutumia nini?

GIA NANE
Kwa kidole. Hicho hicho cha kupigia honi.

UTINGO MSTAAFU
Hakuna aliyejibu suala la kitambaa.

BINTI MCHESHI
Na mi nauliza tu jamani, treni ikiwa inasukuma mabehewa kwa nyuma, kichwa kiko mwisho, nani anaona mbele kama kuna lori?

KABINI YA MBELE
Anakaa mtu behewa la mbele na redio, ananielekeza.

GIA NANE
Eeeh! Kumbe na nyie mna utingo 😂😂