Naomba ushauri: pawasaplai ya ndani au adapta ya nje ili kupata alama ya CE?

Habari wakuu. Tunatengeneza Dar es Salaam kifaa cha kupima maji kwenye tangi na kutuma taarifa kwa simu. Ndani kuna moduli ya GSM (redio ya mtandao wa simu) na pawasaplai inayogeuza umeme wa ukutani wa 230 V kuwa umeme mdogo wa DC. Sasa mteja wa Ujerumani anakitaka, kwa hiyo lazima kiwe na alama ya CE, inayoonyesha kinatimiza masharti ya Umoja wa Ulaya.

Kwa kuwa kina redio, kinaangukia sheria ya Umoja wa Ulaya 2014/53/EU, inayobeba kwa pamoja usalama, mwingiliano wa mawimbi na matumizi ya masafa. Moduli ina vyeti vyake, lakini jukumu la kifaa kizima linabaki kwetu. Kinachonisumbua ni pawasaplai: inakatakata umeme kwa kasi na kelele yake ya umeme inarudi kwenye waya wa ukutani, ambako hupimwa kuanzia 150 kHz hadi 30 MHz. Tena kinafungwa karibu na maji. Usalama wa mtu sitaki kuubahatisha.

Nafikiria kutumia adapta ya nje iliyokwishapimwa. Aliyepita njia hii, je, kelele ilipungua kweli, au waya mrefu wa DC uligeuka antena? Na maabara gani Afrika Mashariki inafanya vipimo vya awali, kabla hatujalipia vya Ulaya?