Vifaranga 100 wa siku moja, Kigoma: taa, jiko la mkaa au kuku mama?

Mwana_Ujiji
Salaam wakuu. Nategemea kupokea vifaranga 100 wa chotara, wanatoka Dar. Banda ni la tofali za kuchoma, bati juu, madirisha ya wavu. Kinachonisumbua ni joto. Jirani anasema funga taa ulale. Shemeji yangu wa Tabora anasema taa ni kujitafutia hasara, niwashe jiko. Bibi yeye anacheka tu, anasema kuku wa kienyeji wanaoatamia wapo, kelele za nini? Umeme kwangu upo ila hukatika, hasa mawingu yakikaza ziwani. Naomba majibu ya watu wa huku, ya Dar nimeshayasoma.

MamaWaGungu
Karibu kwenye ufugaji baba. Mimi ni mtu wa taa. Tafuta ile nyekundu ya joto, wati 250, uitundike kwa mnyororo au waya mgumu (usiining'inize kwa waya wake wa umeme), kama sentimita 45 kutoka chini, halafu uwe unaipandisha wanavyokua. Balbu za LED zinazouzwa kila duka achana nazo, zinatoa mwanga lakini joto hakuna.

Ila piga hesabu kwanza. Wati 250 kwa saa 24 ni uniti 6. Wiki mbili ni uniti 84. Kama luku yako ipo kwenye tarifa ya matumizi madogo, ile yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, taa peke yake imeshakuvusha kabla hujapika wala kupiga pasi. Mimi mchana wa jua naizima. Huku ziwani kunaruhusu.

Ipuli_Kuku
Kigoma kunaruhusu, Tabora hakuruhusu! Njoo mwezi wa saba usiku uone. Huku tunawasha jiko. Siri ya jiko ni kwamba mkaa unauwasha NJE mpaka moshi wote uishe na uwe mwekundu kote, ndiyo unaingiza ndani. Liweke juu ya tofali, chini pawe patupu, usiliweke juu ya pumba. Juu yake funika chungu kikuukuu kilichotobolewa pembeni. Chungu kinashika joto na kulitoa polepole, na kifaranga hawezi kurukia moto. Zungushia wavu. Unaongeza mkaa kabla ya kulala, halafu unaamka usiku wa manane. Asiyeweza kuamka usiku asifuge, basi.

MamaWaGungu
Ndugu yangu, na hewa je? Watu wanaziba banda kwa maturubai halafu wanaacha mkaa ndani. Asubuhi wanakuta vifaranga wamelala kimya wanasema ni kideri (ule ugonjwa wa kuku unaoua haraka), kumbe ni hewa ya mkaa.

Ipuli_Kuku
Hapo uko sahihi mama. Turubai lisifike juu. Acha nafasi kubwa chini ya paa hewa itoke.

Mwalimu_Kasulu
Bibi asipuuzwe. Kuku mama halipi luku, haungui, na anawafundisha kuchakura. Ukiwa na kuku anayeatamia, usiku mtupu, bila taa, unawasukumia vifaranga chini ya tumbo, asubuhi ni wake. Wawe wadogo kabisa. Wakishapita siku chache hawamtambui naye anawadonoa. Tatizo lako ni idadi. Kuku mmoja anafunika kumi na kitu, kwa hiyo kwa 100 unahitaji kuku wengi wanaoatamia siku moja. Utawapata wapi?

Afisa_Mifugo_Mstaafu
Naona mnabishania moto. Mimi naanza na kifaranga mwenyewe.

Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala. Kila wiki punguza kama nyuzi 3 mpaka manyoya yatoke. Kipimajoto kizuri, lakini kukikosa si mwisho. Ingia usiku na tochi, usiwashtue, uangalie. Wamejirundika chini ya taa wanalia, ni baridi, na wa chini watakufa kwa kukosa hewa. Wamekimbilia ukutani, midomo wazi, mabawa yameachana, ni joto. Wamekaa upande mmoja wote, kuna upepo unapenya upande wa pili, utafute. Wametawanyika, huyu anakula, huyu amelala ubavu, rudi ukalale.

Zungushia hadibodi iwe duara. Kona ndizo zinazoua, wanajibana huko wakikandamizana. Chini weka maranda au pumba za mpunga, juu yake magazeti siku mbili tatu za mwanzo ili wasidonoe pumba wakidhani ni chakula.

Mwana_Ujiji, njia kutoka Dar ni ndefu. Kifaranga husafiri akila kiini cha yai kilichobaki tumboni, kinachoweza kumfikisha hadi siku ya tatu hivi, lakini akifika ana kiu kali. Banda liwe limeshapata joto kabla hujaenda kuwapokea. Maji yenye glukosi kwanza, chakula baada ya saa moja au mbili. Wachovye midomo baadhi yao, wengine wataiga.

Kuhusu kuku wa bibi, Mwalimu amesahau jambo. Kuku wa kuzurura ana utitiri na viroboto, na anaweza kuleta kideri kwa vifaranga ambao bado hawajachanjwa. Mimi nisingewachanganya.

Mwalimu_Kasulu
Nakubali hilo la kideri. Na chanjo?

Afisa_Mifugo_Mstaafu
Siku ya 7 kideri, ya 14 gumboro (ugonjwa mwingine wa vifaranga), ya 21 kideri tena, ya 28 gumboro tena. Maji ya bomba yenye dawa yanaua chanjo, tumia ya mvua au ya kisima safi. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza ili wayamalize haraka.

Mtu_wa_Mwandiga
Huku kwetu maganda ya mise (kokwa za michikichi) yanawaka vizuri kuliko mkaa na ni bei chee. Yanatoa moshi mwingi mwanzoni, kwa hiyo kama alivyosema wa Tabora, washa nje.

Mwana_Ujiji
Asanteni wakuu. Nafunga taa, na jiko na chungu vinakaa tayari nje ya mlango umeme ukikatika. Kuku wa bibi wabaki kwa bibi. Swali moja tu: hadibodi naipata wapi mjini, nimeizunguka Mwanga nzima sijaiona?

MamaWaGungu
Kata maboksi ya tivi uyashone kwa waya. Yawe mbali na jiko.