Mahindi ya bei nafuu yanaishia mjini, wa vijijini tunaambiwa tuyafuate!

Wakuu, hili jambo linakera na lazima lisemwe. Mahindi ya akiba ya Serikali yakiletwa huku Kusini, Lindi na Mtwara, kuuzwa kwa bei nafuu, kituo kinawekwa mjini, halafu inatangazwa kuwa bei ni moja kwa wote. Si kweli!

Pigeni hesabu. Tuseme kilo ni shilingi 700, gunia la kilo 50 ni 35,000. Wa mjini anaongeza bajaji 2,000, kilo inamfikia kwa 740. Wa kijijini bodaboda kwenda na kurudi, pamoja na mzigo, ni 15,000. Kilo inafika kwake kwa 1,000. Na huyo ni mwenye 50,000 mkononi. Asiye nayo ananunua kwa kisado kwa mlanguzi aliyebeba magunia kulekule kituoni.

Kaya ya watu sita, kila mtu gramu 400 kwa siku, gunia hilo ni siku 20, tena wakisaga dona. Wakikoboa, zinapungua. Nauli ile ile inatafutwa upya Februari na Machi, hela ya korosho imeshakwisha, mahindi mapya bado yako shambani na barabara kama ya Nangurukuru–Liwale ni tope tupu.

Kinachouma zaidi, maghala yapo! Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani kabla ya kuuzwa, ilianza huku 2007, na AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zina ghala, mizani na makarani. Korosho zikishasombwa, ghala linakaa tupu miezi ileile ya njaa. Lori likishusha korosho ghala kuu mwezi Desemba, kwa nini lisipakie mahindi linaporudi? Mzigo ungekuwa kijijini kabla mvua haijakata barabara, na mtu angepimiwa hata kilo tano.

Chakula cha bure nacho vilevile. Majina yanaandikwa wakati watu wamehamia mashambani kuwinga nguruwe na tumbili, basi wanaoingia ni wanaokaa jirani na ofisi ya kijiji. Anayelala shamba akija kuuliza, anajibiwa orodha imeshafungwa. Imefungwa na nani? Isomwe kwenye mkutano wa kijiji, ibandikwe ubaoni siku saba, ndipo ifungwe.

Waheshimiwa madiwani mliomo humu: fedha ya kusafirisha mahindi kutoka mjini hadi kwenye kata iko kwenye bajeti ya halmashauri yenu au haipo? Jibuni hapa.